Miwani Iliyobaki Baada ya Arobaini

Nilipokuwa mtoto, hadi nilipotimiza miaka tisa, niliamini kwamba ubao wa darasani ni kitu cha kusikiliza. Mwalimu wetu, Madamu mmoja mwenye sauti nene, alikuwa akiandika huku akitamka, chaki inagonga, wenzangu wanainama na kunakili. Mimi nilinakili kutoka kwenye daftari la Consolata, jirani yangu wa dawati. Mbele yangu kulikuwa na kitu kikubwa cheusi na ukungu mweupe unaotembea juu yake, basi. Sikuona ajabu yoyote. Nilidhani sote tunaona hivyo hivyo, ila wenzangu wamenizidi masikio.

Nyumbani kwetu Nyakabiga, mtaa wa mji wa bandari kando ya ziwa, hakuna aliyejua. Nilikuwa mtoto wa kujikwaa, na mtoto wa kujikwaa huambiwa ana haraka. Nilikuwa siwaamkii watu wazima njiani mpaka wanifikie karibu, na kwa hilo niliambiwa nina kiburi. Nikishika kitabu nilikisogeza mpaka ukurasa uguse pua, na Bibi, mama yake baba, alikuwa akicheka kwa kebehi.

"We mutoto, kitabu si bugali. Unanusa nini mule?"

Bibi ndiye aliyekuwa mwenye nyumba. Baba alikuwa dereva wa lori, leo yuko huku kesho yuko Kigoma, na mama alikuwa mkwe mpole aliyejua kushona na kunyamaza. Babu alikuwa amefariki mwaka ule. Maisha yake yote alikuwa karani bandarini, akihesabu magunia yanayoshuka kutoka kwenye meli za Kigoma na za Kongo, na sura yake niliyoikumbuka ilikuwa miwani kwanza, mtu baadaye: fremu nyeusi nzito, vioo vinavyofanya macho yaonekane madogo na ya mbali.

Baada ya arobaini, kama ilivyo desturi, vitu vyake viligawiwa. Kanzu zilikwenda kwa wadogo zake, koti likaenda kwa baba, viatu akapewa mlinzi wa msikiti. Mikononi mwa Bibi vilibaki vitu viwili, kitana na miwani, na mtu mmoja alipoinyooshea mkono ile miwani Bibi aliuzuia.

"Apana. Miwani ya marehemu haivaliwi," alisema. "Macho yake imebaki mule. Mutu akiivaa, macho yake mwenyewe inaondoka, anabaki na ya maiti."

Hakuna aliyebisha. Wazee waliitikia kwa vichwa kana kwamba jambo hilo limeandikwa mahali. Bibi akavifunga vitu vile kwa kipande cha kitambaa cheupe kilichobaki kwenye sanda, akavitia ndani ya sanduku lake la chuma, chini kabisa. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikasikia yote.

Sasa ninapofikiri, nacheka peke yangu. Ile miwani Babu hakuinunua. Alipewa na bosi wake wa Kibelgiji aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao. Babu aliijaribu, akaona anasoma jina la meli kabla haijafunga kamba, akaipenda, akaivaa hadi kufa. Wakati ule ndivyo watu wengi walivyopata miwani: mtu aliyebahatika alirithi, mwingine aliinama kwenye mkeka wa mchuuzi karibu na soko, akajaribu moja baada ya nyingine mpaka dunia ikae sawa kidogo. Kwa hiyo, kwa hesabu ya Bibi mwenyewe, mume wake aliishi miaka na miaka kwa macho ya Mbelgiji. Lakini mtoto wa miaka tisa hapigi hesabu za namna hiyo, wala mjane hazipigi.

Ilikuwa alasiri, tumesharudi shule. Bibi alikuwa uani amekaa kwenye mkeka, anachambua maharagwe, akanituma nikamletee kitenge sandukuni. Niliinua nguo moja, nikainua ya pili, mkono ukagusa kile kitambaa cheupe. Siwezi kusema nilikusudia. Wala siwezi kusema sikukusudia. Nilimkumbuka Babu, nikataka kushika kitu chake. Nikafungua fundo, na nilipoishika miwani nikaivaa.

Nataka niseme wazi nilichoona, maana hata leo nikikumbuka mwili unanisisimka. Niliona kona za chumba. Niliona kwamba ukuta una nyufa, kwamba bati la juu lina misumari, imepangwa mstari. Nikatoka mpaka mlango wa mbele. Mti wa parachichi wa jirani, ambao siku zote ulikuwa bonge la kijani, ulikuwa na majani, jani moja moja, na kila jani linatikisika kivyake. Nikatazama mwisho wa barabara yetu, kule inakoteremka kuelekea ziwani, na juu ya paa zote nikaona milima. Watu walikuwa wakisema kila siku, "Milima ya Kongo leo imejitokeza," nami nilidhani ni namna yao ya kusema mvua haitanyesha. Kumbe milima ilikuwepo kweli, ina mikunjo na mabonde, tena ya buluu.

Sikuogopa. Hilo ndilo lililonishangaza baadaye. Nilikimbia uani nikipiga kelele za furaha, miwani imenifunika nusu ya uso, nimeishika kwa mikono miwili isianguke.

"Bibi! Bibi! Mi naona milima ya Kongo!"

Nikasimama mbele yake. Na hapo nikaona kwenye kidevu chake unywele mmoja, mrefu, mweupe, umejipinda. Babu alikuwa akimtania juu ya unywele ule kila asubuhi, akiwa kwenye kiti chake, akisubiri chai. Nilikuwa nimeyasikia maneno yake mara mia na sijawahi kuuona huo unywele wenyewe. Kwa hiyo nikapayuka, kwa maneno yale yale ya Babu:

"Kumbe kweli! Mama watoto, ile nywele yako imeamuka mbele yako!"

Sinia la maharagwe lilipinduka. Bibi alitoa sauti ambayo sijapata kuisikia tena kwake. Alinitazama, mdomo wazi, kwa muda ambao niliuona mrefu sana, kisha akaruka akaninyang'anya miwani usoni.

"Toa! Toa hiyo! Astaghafirullah!"

Na dunia ikaondoka. Uso wa Bibi ukayeyuka, parachichi likarudi kuwa bonge, milima ikafutika kabisa. Yaliyorudi yalikuwa macho yangu ya siku zote, lakini mimi sikuyatambua. Sikuwahi kujua kwamba ninaishi kwenye ukungu, maana sikuwahi kutoka nje yake. Nilichojua ni kwamba Bibi alitoa onyo, nami nimelivunja, na onyo limetimia mbele ya macho yangu, au mbele ya mahali macho yangu yalipokuwa.

"Bibi, macho yangu imeondoka!" nililia. "Sioni tena! Babu ameyachukua!"

Mama alitoka ndani mbio, mita ya kushonea bado iko shingoni. Alinikuta nimelala chini nalia, na Bibi amekaa juu ya maharagwe yake, miwani mkononi.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Shuleni sikupelekwa. Nilikaa kwenye kona ya kitanda nikijaribu kuona, nikakodoa mpaka kichwa kikauma. Usiombe ujue hofu ya mtoto anayeamini amepofuka kwa kosa lake mwenyewe, na aliyemchukulia macho ni mtu aliyempenda. Bibi hakunigombeza hata mara moja, na hilo lilinitisha zaidi. Alinilisha kwa mkono wake, akakata shauri. Kule Rumonge kulikuwa na mwanamke anayetibu macho kwa maji ya majani. Unalala chali, anakudondoshea, yanawasha kama moto, na maiti aliyekuingia anatoka na machozi. Tungekwenda Alhamisi.

Mama alisikia, akainamia cherehani yake. Baada ya muda akasema, taratibu, kama mtu asiye na neno:

"Mama, na kombe? Mutoto asafiri bila kombe ya Maalim?"

Kombe ni aya zinazoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zinaoshwa kwa maji, mgonjwa anakunywa. Bibi hangeweza kulikataa hilo. Mpaka leo sijui kama mama alisema vile kwa imani au kwa ujanja. Nimemuuliza mara nyingi, na kila nikimuuliza anatabasamu na kunipa kazi ya jikoni.

Maalim alikuwa mwalimu wangu wa chuo, mzee mrefu aliyekaa chumba cha pembeni ya madrasa. Jumatano Bibi alinipeleka, ameshika kile kitambaa cheupe chenye miwani ndani, ili Maalim aisomee nayo pia. Akaeleza yote, hata maneno ya unywele, kwa aibu, akiwa ameufunika uso kwa mtandio. Maalim alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua ubao mmoja wa wanafunzi wenye herufi kubwa, akausimamisha dirishani.

"Soma, binti."

"Sioni, Maalim."

"Sogea."

Nikasogea hatua. Sikuona. Nikasogea tena, na tena, mpaka pua yangu ikakaribia kugusa wino, na hapo nikasoma herufi zote bila kukosea. Maalim akauweka ubao chini.

"Na kabla ya siku ile," aliniuliza, "ulikuwa unasomea mbali?"

Nilifikiri. Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza swali hilo, wala mimi sikuwa nimejiuliza. "Apana," nikasema. "Siku zote nasoma hivi."

"Mama, nipe ile miwani."

"Apana, Maalim! Tafazali!" Bibi aliikumbatia kifuani. Lakini kwa Maalim hakuna anayekataa mara mbili, akampa shingo upande. Maalim akaifuta kwa kanzu yake, akapiga magoti mbele yangu, akanivalisha kwa mikono yake.

"Sasa soma kule juu ya mulango."

Nikasoma Bismillah iliyokuwa juu ya mlango, mpaka mwisho, kutoka nilipokuwa. Kisha nikamgeukia Maalim, na kwa mara ya kwanza nikamuona. Nilikuwa nimesoma kwake miaka miwili. Alikuwa na miwani yeye pia, mguu mmoja umefungwa kwa uzi mweusi, na nyuma ya kioo cha kushoto jicho lake lilikuwa jeupe lote, kama yai. Nikarudi nyuma.

"Usiogope," akasema. Halafu hakuzungumza na mimi tena, alizungumza na Bibi. "Huyu mutoto hana maiti. Ana macho ya kuona karibu tu, kama nilivyokuwa mimi. Mimi nilipigwa sana chuoni, walisema mi mujinga. Kisha nikapelekwa kwa mutu wa majani. Hii jicho ilikufa ndani ya siku tatu. Ya pili iliponea sababu nililia sana wakashindwa kunishika."

Bibi akaushusha mtandio usoni.

"Nani alikupeleka, Maalim?"

"Mama yangu. Alinipenda sana, Mungu amurehemu."

Bibi akakikunja kile kitambaa cheupe, kikawa kidogo kabisa, akakitia kwenye mfuko wake, kitupu.

"Basi," akasema. "Rumonge hatuendi."

Nimepata furaha nyingi maishani, nimeolewa, nimezaa, lakini sijui kama kuna sentensi iliyowahi kunishusha mzigo kama ile. Maalim alituambia ile miwani si saizi yangu, ilibahatika tu kukaribiana, na kwamba macho hupimwa hospitali. Jioni ile tulikunywa kombe wote watatu, mimi, Bibi na mama, maana lilikuwa limeshaandikwa.

Matibabu yenyewe ya wakati ule hayakuwa ya mchezo. Daktari wa macho alipokea siku moja kwa wiki, tukapanga foleni tangu alfajiri. Nilivishwa fremu ya chuma nzito kama kufuli, msaidizi wake akawa anatumbukiza vioo kutoka kwenye sanduku la mbao, kimoja kimoja, anauliza, "Sasa? Na sasa?" Daktari alimuuliza mama ni nani mwingine anavaa miwani katika familia, mama akamtaja Babu. "Basi ni yake hiyo," daktari akasema, huku anaandika. "Damu yake." Mama hakumwambia Bibi sentensi hiyo kwa mwaka mzima. Vioo viliagizwa ng'ambo, tukangoja miezi mitatu, na ilipofika ilikuwa miwani ya rangi ya kahawia, ya mtu mzima, vioo vya kweli vyenye unene wa kitako cha chupa. Ilinichubua pua. Watoto waliniita Muzee. Sikujali hata kidogo, nilikuwa nasoma ubao! Ilipoanguka sakafuni ikavunjika, nilirudi kwenye ukungu miezi mingine mitatu, na mara hii nilijua ni ukungu.

Juzi nimempeleka binti yangu kupimwa. Aliweka kidevu kwenye mashine, akatazama picha ya nyumba ndogo iliyo mwisho wa barabara, na mashine ikatoa vipimo vyake kabla hajamaliza kucheka. Alichagua fremu ya zambarau. Kesho yake miwani ikawa tayari, vioo vya plastiki, vyepesi, alisahau kwamba amevaa akataka kuoga nayo. Nilimtazama nikaona wivu mtamu. Yeye hatakuwa na hadithi ya kusimulia kuhusu macho yake, na alhamdulillahi.

Lakini la Bibi ndilo lililonifanya niandike haya. Bibi bado yupo. Alipopita miaka themanini macho yake yalianza kufunga kwa mtoto wa jicho, akawa anapapasa kuta, anamimina chai nje ya kikombe, anakana kwamba haoni. Oparesheni aliikataa miaka miwili. Alikumbuka za zamani, mtu anafungwa kichwa asigeuke siku nyingi, kisha anapewa miwani mizito ya maisha. Daktari, kijana mmoja mtaratibu, akamweleza kwamba siku hizi ni dakika chache, analala nyumbani kwake, na kioo kinawekwa mle mle ndani ya jicho. Bibi akashtuka.

"Hiyo kioo," akauliza, "ilikuwa ya nani?"

Mimi niliinama nisicheke. Daktari hakucheka. "Ya kwako, Bibi. Mupya. Iko imefungwa, itafunguliwa mbele yako, hakuna mutu alishaivaa."

"Basi weka," akasema Bibi.

Kesho yake asubuhi bandeji iliondolewa, tukarudi nyumbani, tukakaa uani. Alitazama mikono yake kwanza, akaigeuza. Akatazama kamba ya nguo. Kisha akanitazama mimi, na hakuacha. Nikasubiri anitanie, maana Bibi ni mtu wa utani. Hakunitania.

"Siku ile ulivaa miwani ya muzee wangu," akasema, "unajua sababu gani niliogopa?"

"Ulisema macho yangu itaondoka, Bibi."

"Apana. Hiyo nilisema mbele ya watu." Aligusa kidevu chake. "Uliongea maneno yake. Uliniangalia kama yeye. Nikamuona, mujukuu wangu. Nilimuona pale mbele yangu, nikafurahi. Nilitaka usiitoe. Nilitaka ubaki hivyo hivyo, weye uende, yeye abaki. Ndiyo nikajiogopa. Ndiyo nikataka kukupeleka Rumonge haraka, kabla sijakuuza kwake."

Kwa miaka mingi nimeisimulia hadithi hii kwenye harusi na vikao ili watu wachekee ujinga wa bibi yangu. Sikujua kwamba alikuwa akipigana vita peke yake, na kwamba alichagua upande wangu, ingawa silaha aliyoshika ingenipofusha. Nilimshika mkono. Miwani yangu ililowa, nikaivua kuifuta kwa kitenge, na kwa muda ule mfupi uso wake ukawa ukungu mtupu. Kisha nikaivaa tena. Alikuwa bado ananitazama.